Dashibodi ya paneli nyingi: CSS Grid, gridi ya kuburuta au vigawanyo?

Anayeanza kujenga dashibodi ya takwimu kwa kawaida huanza kwa kusaka maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine. Anapata kadhaa, analinganisha picha za mfano, anachagua inayopendeza. Mimi nashauri swali la kwanza liwe jingine kabisa: nani mwenye ruhusa ya kuhamisha paneli, yaani visanduku vyenye namba, chati au ramani? Ni wewe uliyeibuni dashibodi, ni mtu mmoja anayewapangia wenzake, au ni kila mtumiaji kwa kazi aliyonayo siku hiyo? Majibu hayo matatu yanaelekea kwenye njia tatu tofauti, na ukikosea hapo utatumia miezi kurekebisha kitu ambacho hakikupaswa kujengwa.

Njia ya kwanza ni kupanga paneli mwenyewe kwa CSS Grid, sehemu ya CSS (lugha ya mwonekano wa kurasa za wavuti) inayopanga vitu kwa safuwima na safumlalo. Ya pili ni gridi ya kuburuta, kama ya Grafana, programu ya kujenga dashibodi: mtumiaji anashika paneli, anaipeleka anakotaka, anaivuta pembe ili ikue. Ya tatu ni vigawanyo, yaani dirisha zima linagawanywa vipande na mstari wa katikati unasogezwa huku na huku, kama JupyterLab, programu ya kuchambulia data, au vihariri vya msimbo vinavyofanya.

Ili tusizungumze hewani, nitashika mfano mmoja: dashibodi ya takwimu za afya ya wilaya. Juu kuna namba kuu nne: wagonjwa wa malaria waliothibitishwa, wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, na vituo vilivyowasilisha taarifa za mwezi. Chini yake kuna grafu ya mwenendo wa miezi 24, ramani ya kata, chati ya pau inayolinganisha vituo, na jedwali la vituo vyote. Afisa takwimu wa wilaya ataifungua kwenye kompyuta mpakato yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Timu ya afya itaitazama ukutani kupitia projekta siku ya kikao. Mganga mfawidhi wa zahanati ataifungua kwenye simu yenye upana wa pikseli 360. Skrini tatu, kazi tatu, data ileile.

CSS Grid: mpangilio unabaki mikononi mwa mbunifu

CSS Grid iliingia kwenye Firefox 52, Chrome 57 na Safari 10.1 ndani ya mwezi mmoja, Machi 2017, na Edge ikafuata Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo leo huhitaji maktaba yoyote kupanga paneli. Unalolihitaji ni kuyapa maeneo majina:

```
.dashibodi {
  display: grid;
  gap: 12px;
  grid-template-columns: minmax(0, 2fr) minmax(0, 1fr);
  grid-template-areas:
    "namba     namba"
    "mwenendo  ramani"
    "vituo     pau";
}
@media (max-width: 700px) {
  .dashibodi {
    grid-template-columns: minmax(0, 1fr);
    grid-template-areas:
      "namba" "mwenendo" "ramani" "pau" "vituo";
  }
}
```

Mtu asiyejua CSS anaweza kusoma mistari hiyo akaona dashibodi ilivyo. Ndiyo sababu naipenda njia hii kwenye timu zenye watu wa afya na watu wa programu pamoja: mnaweza kukaa mezani, mkabadilishana maeneo kwa kuandika majina, mkaona matokeo papo hapo.

Angalia ile `minmax(0, 2fr)`. `fr` ni sehemu ya nafasi iliyopo. Wengi huandika `2fr` peke yake, na hapo ndipo tatizo kubwa kuliko yote ya njia hii linapozaliwa. Kwa kivinjari, `1fr` maana yake ni `minmax(auto, 1fr)`: safuwima haikubali kuwa nyembamba kuliko kilichomo ndani yake. Jedwali la vituo lenye majina marefu yasiyokatika, au chati iliyochorwa kwa upana wa pikseli 900, litaisukuma safuwima hadi paneli za jirani zibanwe au ukurasa mzima utoke nje ya skrini. Kibaya zaidi, dirisha likipanuliwa chati inakua vizuri, lakini likipunguzwa chati inagoma kurudi. Watu wanalaumu maktaba ya chati, kumbe ni gridi. Weka sifuri kama kiwango cha chini, jedwali nalo lipe `overflow: auto` ili lisogezwe ndani ya paneli yake, na tatizo linakwisha.

Kwa muda mrefu udhaifu wa kupanga kwa CSS ulikuwa kwamba paneli haikujua upana wake yenyewe. Ilijua upana wa dirisha tu. Chati ya pau iliyoko kwenye theluthi moja ya skrini kubwa ilijiona iko kwenye skrini kubwa, ikaweka ufunguo wake (maelezo ya rangi) pembeni na kujibana. Hilo limetatuliwa na `@container`, kanuni ya CSS inayofuata upana wa kisanduku kilichoibeba paneli, iliyopatikana kwenye Chrome 105 na Safari 16 mwaka 2022, kisha Firefox 110 Februari 2023. Sasa unaiambia paneli: ukiwa na pikseli 480 au zaidi weka ufunguo kulia, ukiwa chini ya hapo uweke chini ya chati, na chini ya 280 ondoa lebo za mhimili wa wima, acha ya juu kabisa na ya chini kabisa. Paneli ikihamishwa eneo lolote inajipanga. Nathubutu kusema kipengele hiki kimebadilisha hesabu ya ulinganisho huu, kwa sababu sehemu kubwa ya unyumbufu ambao zamani ulihitaji JavaScript sasa unafanywa na kivinjari chenyewe.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa takwimu wataithamini. Vichwa vya viashiria vya afya ni virefu: "Asilimia ya wajawazito waliohudhuria kliniki angalau mara nne" hakitoshi mstari mmoja kwenye paneli nyembamba. Kwa CSS Grid safumlalo inaweza kukua kufuata maandishi, na ukitumia `subgrid` (paneli inafuata mistari ya gridi ya nje) vichwa vya paneli zilizo mstari mmoja vinapewa urefu sawa, hivyo chati zenyewe zinaanzia usawa mmoja hata kama kichwa kimoja kina mistari miwili na jirani yake mmoja. Firefox ilikuwa nayo tangu 2019, Chrome ikaipata toleo la 117, Septemba 2023.

Inachokosa ni wazi: mtumiaji hawezi kubadilisha chochote. Mganga mkuu wa wilaya akitaka ramani iwe kubwa msimu wa kipindupindu, lazima ampigie simu mtaalamu wa programu. Kwa baadhi ya mifumo hilo linatosha kuifuta njia hii.

Gridi ya kuburuta: mpangilio unakuwa data

Hapa mpangilio hauandikwi kwenye CSS. Unahifadhiwa kama orodha ya namba nne kwa kila paneli: iko safuwima ya ngapi, safumlalo ya ngapi, ina upana gani na kimo gani. Grafana, aliyoianzisha Torkel Ödegaard mwaka 2014, inagawanya skrini safuwima 24, na kila kizio cha kimo ni pikseli 30. Maktaba ya react-grid-layout, ambayo Grafana yenyewe imeitumia, na gridstack.js, zinaanza na safuwima 12. Kwa kuwa mpangilio ni data, unaweza kuuhifadhi kwenye hifadhidata, kuunakili kutoka wilaya moja kwenda nyingine, kumpa mtu ruhusa ya kuuona bila kuubadilisha, na kurudisha wa jana, wa leo ukiharibika. Hizo ni nguvu halisi na CSS peke yake haina.

Watu wa afya Afrika Mashariki wanaifahamu njia hii kupitia DHIS2, mfumo unaotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliusambaza nchi nzima kupitia mtandao mwaka 2011, na Tanzania, Uganda na Rwanda zinautumia pia. Dashibodi zake zinapangwa kwa kuburuta. Ila tazama walichoongeza watengenezaji wake: anayepanga anaweza kuchagua mpangilio huru, au safuwima zisizobadilika ambamo paneli zinajipanga zenyewe. Na kwenye skrini ndogo paneli zinashuka kuwa safu moja, wala kuhariri hakuruhusiwi. Waliojenga mfumo unaotumiwa na nchi nyingi kiasi hicho waliona kwamba uhuru kamili wa kuburuta unahitaji mipaka. Grafana nayo, kwenye toleo la 12 la mwaka 2025, ilileta kama majaribio gridi inayojipanga yenyewe, ikaiweka pembeni ya ile ya kuburuta. Mimi nauchukulia mwelekeo huo kwa uzito.

Kwa nini mipaka? Chukua kompyuta ya afisa takwimu wetu. Ondoa menyu ya pembeni yenye pikseli 240, upana unaobaki ni 1126. Kwa safuwima 24 zenye nafasi ya pikseli 8 kati yake, paneli ya safuwima 6 inapata takriban pikseli 275. Namba kuu inakaa vizuri hapo, grafu ya miezi 24 haikai. Kwa kimo, paneli ya vizio 8 inachukua pikseli 296 ukijumlisha nafasi za katikati, na mbili zikipangana ni 600. Ukitoa sehemu ya juu ya kivinjari na upau wa chini wa Windows, hapo skrini imekwisha. Safumlalo ya tatu haionekani bila kushuka chini. Sasa aliyepanga dashibodi hiyo makao makuu alikuwa na skrini pana ya ofisini, akaona paneli tisa kwa mpigo. Mpangilio ulihifadhiwa kwa macho yake, wengine mia wanaurithi.

Kimo kisichobadilika ni shida ya pili. Kwenye gridi hizi paneli huwekwa kwa vipimo kamili juu ya skrini, hivyo kichwa kirefu hakiwezi kuikuza. Kitakatwa, au kitaila chati. Weka kiwango cha chini cha upana na kimo kwa kila aina ya paneli (maktaba hizi zinaruhusu) na usimwachie mtumiaji abanie ramani kwenye mraba wa pikseli 120.

Kisha kuna tabia ya kujikandamiza. Kwa kawaida react-grid-layout husukuma paneli zote juu ili kusiwe na pengo. Mtumiaji anasogeza paneli moja, nne zinahama. Asiyezoea anadhani ameharibu. Tabia hiyo inaweza kuzimwa, lakini ukiizima mapengo yanabaki mpaka mtu ayazibe kwa mkono. Hakuna jibu safi hapa. Mimi ningeiacha iwake na kuweka kitufe cha "Tendua" kinachoonekana waziwazi.

Kwenye simu kuburuta kunagombana na kusogeza ukurasa, kwa sababu ni kidole kilekile. Kibodi nayo imesahaulika mara nyingi mno. Mwongozo wa WCAG 2.2 wa Oktoba 2023, unaohusu tovuti kufikiwa na watu wenye ulemavu, unataka kila kinachofanywa kwa kuburuta kiweze kufanywa pia kwa kubofya tu, bila kuburuta. Maana yake kila paneli iwe na menyu yenye "Sogeza juu", "Sogeza kushoto", "Panua". Huo ni msaada kwa mwenye mikono isiyotulia, na pia kwa anayetumia padi ya kipanya iliyochakaa, ambao ni wengi. Jambo lingine la kuangalia ni mfuatano wa HTML. Paneli iliyoburutwa hadi juu inaweza kubaki ya mwisho kwenye msimbo, na kisomaskrini, programu inayowasomea wasioona, kitaisoma mwisho. Baada ya kila uhamisho panga upya orodha kwa safumlalo, kisha safuwima, ndipo uichore.

Vigawanyo: meza ya mchambuzi

Muundo wa vigawanyo ni mti. Kila tawi linasema "gawanya kwa wima" au "gawanya kwa mlalo" na kwa uwiano gani. Kila jani ni paneli. Kampuni ya Palantir iliitoa maktaba ya react-mosaic kwa namna hiyo, na kuna nyingine kama Golden Layout, Dockview, na Lumino inayoibeba JupyterLab. Dirisha lote linajaa, hakuna kusogeza ukurasa, na ukipanua paneli moja jirani yake inapungua kwa kiasi hichohicho.

Kwa mtu anayekaa na data kutwa nzima hii ni neema. Anaweka jedwali kushoto, chati mbili kulia, anavuta mstari hadi aone anachotaka, Golden Layout hata inamruhusu atoe paneli kama dirisha jingine na kulipeleka skrini ya pili. Lakini kwa dashibodi yetu ya wilaya siipendekezi. Kwenye simu haifai hata kidogo, inabidi uandike mpangilio mwingine kando. Vichupo vyake vinaficha chati nyuma ya chati, na chati zilizofichana haziwezi kulinganishwa. Kwenye skrini ya 768 vipande vitatu kwenda chini vinabaki na pikseli 200 kila kimoja, na chati ya wakati haisomeki vizuri kwenye 200.

Ukiichagua, hifadhi uwiano na usihifadhi pikseli, la sivyo mpangilio wa skrini kubwa utafunguka umevurugika kwenye ndogo. Mstari wa kugawa upe `role="separator"` na usikilize vishale vya kibodi. Chati iliyo kwenye kichupo kisichoonekana usiichore hadi kichupo kifunguliwe, kwa sababu kisanduku kilichofichwa kina upana sifuri na chati itachorwa kwa sifuri.

| | CSS Grid | Kuburuta | Vigawanyo |
|---|---|---|---|
| Anayepanga | Mbunifu | Msimamizi au mtumiaji | Mtumiaji, kila dakika |
| Mpangilio unakaa wapi | CSS | Orodha ya namba nne kwa paneli | Mti wa uwiano |
| Simu ya pikseli 360 | Nzuri sana | Kutazama tu, safu moja | Haifai |
| Vichwa virefu | Safumlalo inakua | Hukatwa | Hukatwa |
| Kuchapisha A4 | Rahisi | Inahitaji mpangilio wa pili | Hutoka kilichoonekana tu |
| Kazi ya JavaScript | Ndogo | Kubwa | Kubwa zaidi |

Chati yenyewe lazima ijue imebadilishwa ukubwa

Njia zote tatu zinaangukia hapa, na hapa ndipo dashibodi nyingi zinaharibika bila kujali zilichagua nini. Paneli ikibadilika ukubwa wakati dirisha halijabadilika, maktaba nyingi hazina habari. Leaflet, maktaba ya ramani, husikiliza ukubwa wa dirisha. Ukipanua paneli ya ramani peke yake, sehemu mpya inabaki ya kijivu hadi uite `invalidateSize()`. Kwa maktaba za chati, Plotly ukiiwekea `responsive: true` nayo inasikiliza dirisha. ECharts inakungoja uite `resize()`. Chart.js inajifuatilia kisanduku chake, ila ukitaka ijaze kimo cha paneli lazima uzime `maintainAspectRatio`.

Dawa ni moja kwa zote: `ResizeObserver`, yaani mwangalizi ndani ya kivinjari anayetoa habari kisanduku kikibadilika ukubwa, ambayo vivinjari vyote vikubwa vimekuwa nayo tangu 2020. Kila paneli iwe na mmoja anayeangalia kisanduku cha chati na kuipa namba mbili, upana na kimo. Chati isiulize dirisha kitu chochote. Na kimo kitoke kwenye gridi kwenda kwa chati, kamwe kisitoke kwa chati kwenda kwenye gridi. Ukiruhusu chati iamue kimo cha paneli, paneli itabadilika, mwangalizi ataita chati, chati itabadilika tena, na utapata mzunguko usioisha.

Wapo wanaokwepa kazi hii kwa SVG (picha inayochorwa kwa mistari) yenye `viewBox`, ili kivinjari kikuze na kupunguza picha nzima. Usifanye hivyo kwa dashibodi. Chati iliyochorwa kwa upana wa 800 na maandishi ya pikseli 14, ikiwekwa kwenye 400, maandishi yanakuwa 7. Kwenye projekta ya kikao hakuna atakayeyasoma. Chati inapopungua inapaswa kubadilisha maamuzi: lebo chache, miezi badala ya wiki, pau tano za kwanza badala ya ishirini. Kupungua kama picha ni kushindwa kufanya uamuzi huo.

Wakati mtumiaji anaburuta pembe, usichore upya kila pikseli. Onyesha fremu, chora atakapoachia. Kwa kompyuta zenye kumbukumbu ndogo tofauti inaonekana kwa macho. Na kama unatumia ramani za WebGL (zinazochorwa na kadi ya picha) kama za MapLibre, kumbuka Chrome kwa kawaida inakubali miktadha, yaani nafasi za kuchorea, 16 tu ya WebGL kwa wakati mmoja. Ukizidisha, ya zamani zinazimwa na ramani inakuwa tupu bila maelezo. Ramani ndogo ndogo kwa kila kata zichore kwa SVG ya kawaida.

Paneli zinazosemezana

Sababu ya kuwa na paneli nyingi ni kulinganisha. Mwaka 1987 Richard Becker na William Cleveland wa Bell Laboratories walieleza namna ya kuchagua nukta kwenye grafu moja na kuziona ziking'aa kwenye nyingine zote. Mwaka 2012 kampuni ya Square ikatoa maktaba ya Crossfilter, ikaleta wazo hilo kwenye kivinjari kwa data kubwa. Afisa wetu akigusa kata kwenye ramani, mwenendo na jedwali vinafuata. Lakini tendo hilo lina maana pale tu paneli zote mbili zinapoonekana pamoja. Ukigusa ramani na grafu inayobadilika iko chini ya skrini, umefanya kazi gizani.

Hapa CSS Grid inaishinda gridi ya kuburuta kwa mbali, kwa maoni yangu. Mbunifu anajua kwamba ramani na mwenendo ni pacha na anaweza kuwafunga pamoja. Kwenye kuburuta, mtumiaji anawatenganisha bila kujua alichopoteza. Kama ni lazima kuburuta, basi fanya ramani na mwenendo kuwa paneli moja yenye sehemu mbili, zihame pamoja. Kwenye simu, ambako hata CSS haiwezi kuziweka ubavuni, bandika ukanda mwembamba juu unaosema kata iliyochaguliwa, ili anayeshuka chini asisahau anatazama nini.

Grafu za wakati zilizopangana wima zinadai kitu kimoja zaidi: Januari iwe juu ya Januari. Grafu yenye lebo "12,000" na yenye lebo "40" zikijiamulia nafasi ya kushoto zenyewe, mihimili ya wakati inapishana na jicho linadanganywa. Zipe zote nafasi moja ya kushoto, pikseli 56 kwa mfano, hata kama moja itabaki na uwazi.

Kuna pia grafu ndogo nyingi za aina moja, moja kwa kila mkoa au kaunti, zote kwa skeli moja. Hizi usizipangie maeneo wala usiziburute. Ziachie `repeat(auto-fill, minmax(130px, 1fr))`, yaani kivinjari chenyewe kijaze safu kwa visanduku vyenye upana wa angalau pikseli 130. Kaunti 47 za Kenya kwenye upana wetu wa 1126, nafasi ya pikseli 8 kati yake, zinakaa nane kwa safu, safu sita, na kimoja kinabaki wazi. Mikoa 31 ya Tanzania inachukua safu nne. Kwenye simu, ukiacha ukingo wa pikseli 16 kila upande, zinakuwa mbili mbili. Tumia `auto-fill`, usitumie `auto-fit`: mtumiaji akichuja ikabaki mikoa miwili, `auto-fit` itazinyoosha hizo mbili hadi zijaze skrini, na mteremko uliokuwa mkali utaonekana wa taratibu bila data kubadilika hata kidogo.

Basi uchague ipi

Kama watumiaji wako wanatazama viashiria vinavyojulikana, na nusu yao wako kwenye simu, chagua CSS Grid bila kusita. Dashibodi ya wilaya iko hapa. Kama kazi yako ni kuwapa mashirika au idara mbalimbali jukwaa wajijengee dashibodi usizozijua leo, kuburuta hakuepukiki. Chukua Grafana au DHIS2 kama data yako inaingia humo kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo. Vigawanyo ni vya chombo cha uchambuzi kwa watu wachache wenye skrini kubwa na muda wa kujifunza.

Wengi wako katikati, na kwa hao kuna njia ambayo naiamini zaidi ya zote tatu zikiwa peke yake. Tengeneza mipangilio mitatu kwa CSS Grid: "Kikao", yenye namba kuu na mwenendo mkubwa, "Uchambuzi", yenye ramani, pau na jedwali pamoja, na "Dharura", yenye ramani nusu ya skrini. Ruhusu mtumiaji achague mpangilio, abadilishane paneli mbili kwa menyu, na afiche asiyoihitaji. Tendo la kubadilishana linafanyika kwa mibofyo miwili tu, linafanya kazi kwa kibodi na kwa kidole, na haliwezi kuvunja gridi. Yule mganga mkuu anapata ramani yake kubwa bila kupiga simu.

Hifadhi chaguo hilo kama data ndogo: jina la mpangilio, eneo gani lina paneli gani, kata na kipindi vilivyochaguliwa. Viweke kwenye anwani ya ukurasa. Afisa takwimu akituma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la timu, wote wafungue walichokiona yeye, wenye simu wakiipata kwa safu moja na wenye kompyuta kwa gridi. Weka namba ya toleo ndani yake, maana mwakani utaongeza paneli na viungo vya zamani lazima viendelee kufunguka.

Mwisho, jaribu kuchapisha wiki ya kwanza, usingoje mwaka uishe. Taarifa za wilaya bado zinakwenda vikaoni kwenye karatasi. Kwa CSS Grid inatosha `@media print` yenye safuwima moja au mbili, `break-inside: avoid` kwa kila paneli, na jedwali lililonyooshwa lote badala ya kisanduku cha kusogeza. Chora chati upya kwa upana wa A4 kabla ya kuchapisha, tumia mistari ya vitone na vistari pamoja na rangi, kwa kuwa printa ya ofisi ina wino mweusi peke yake.